Kifungio cha Skii: Chombo cha Kushika na Kuachia

Sisi tuliokulia Uru tulijifunza kuteleza kabla ya kujifunza kusoma. Masika yalipokolea, na vijia vya vihambani vikawa utelezi mtupu, tulibandua ganda pana la mgomba, tukaliketia, tukajiachia kuteremka hadi ukingoni mwa mfereji. Hatukufungwa na chochote. Tulipoanguka, ganda lilikwenda upande wake nasi tukaenda upande wetu, na hasara yote ilikuwa kaptula iliyochafuka na maneno ya mama. Juu yetu, mawingu ya asubuhi yalipofunguka, Kibo ilionekana na weupe wake, wala hapana hata mmoja wetu aliyedhani kwamba kule nako watu waliwahi kuteleza.

Kumbe waliwahi. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walifika kilele cha Kibo wakiwa na skii, yaani zile mbao mbili ndefu na nyembamba zivaliwazo miguuni kwa kutelezea juu ya theluji, wakazitumia katika kuteremka. Jina la Furtwängler limebaki kwenye barafu iliyo karibu na kilele hadi leo. Barafu yenyewe haikubaki kama walivyoiona. Mwaka ule wa 1912 barafu yote ya Kilimanjaro ilikuwa na eneo la kilometa za mraba 12 hivi. Ilipopimwa mwaka 2011 ilikuwa imepungua hata kuwa chini ya kilometa za mraba 2. Kwa hiyo simwandikii kijana wa Uru nikitazamia kwamba atateleza Kibo.

Namwandikia kwa sababu mbili nyingine. Kwanza, vijana wetu wengi huenda masomoni katika nchi zenye baridi, na huko, mwezi wa kwanza au wa pili wa majira ya theluji, rafiki huja mlangoni na kusema, "Twende mlimani." Pili, kifungio kinachounganisha buti na skii ni somo zuri sana la fizikia, hasa mlango ule wa wenzo na momenti ya kani, ambao wanafunzi wengi huukariri bila kuuamini.

Kwa nini kufunga?

Ganda la mgomba lina usalama wake, lakini halina usukani. Aliyeketi juu yake huenda kunakotaka mteremko. Mwenye skii hugeuka kulia au kushoto kwa kuinamisha na kupinda ubao kwa mguu wake, na mguu hauwezi kuugeuza ubao usioshikamana nao. Hapo ndipo penye mgogoro wote wa makala haya. Kile kiwezeshacho mguu kuugeuza ubao ndicho hicho kiwezeshacho ubao kuugeuza mguu. Ubao ni mrefu kuliko mguu. Wakishindana, si ubao utakaovunjika.

Tukumbushane maana ya momenti. Kani ni msukumo au mvuto. Momenti ya kani ni uwezo wa kani hiyo kukizungusha kitu kwenye mhimili wake, nayo hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili. Kani ikipimwa kwa nyutoni na umbali kwa mita, momenti huwa katika nyutoni-mita. Mama anayefungua mlango kwa kusukuma karibu na bawaba hutumia nguvu nyingi, na anayesukuma karibu na kitasa hutumia kidogo. Hilo kila mwanafunzi analijua.

Sasa tuchukue skii ambayo ncha yake iko mita 0.9 mbele ya mguu. Ncha hiyo ikinaswa na kijiti kilichofukiwa katika theluji, na kijiti kikaisukuma kando kwa kani ya nyutoni 41 tu, yaani uzito wa maji ya lita nne na kidogo, mguu utapata momenti ya nyutoni-mita 37. Lita nne ni mzigo ambao mtoto wa darasa la pili huubeba kutoka mferejini huku akiimba. Lakini momenti hiyo yote hushuka juu ya mfupa wa muundi, nao haukuumbwa kwa kunyongwa kama nguo ya kukamuliwa.

Mwalimu anaweza kulithibitisha jambo hili darasani bila gharama. Achukue kipande kizima cha chaki, akishike kwa ncha zake mbili na kukipinda; kitakatika kwa kukingama, sehemu iliyovunjika ikiwa karibu tambarare. Achukue kingine, akinyonge polepole, mkono huu mbele na ule nyuma, bila kukipinda. Hicho kitakatika kwa mshazari unaozunguka, mfano wa uzi wa skrubu, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Madaktari wa mifupa wakiona mvunjiko wa namna hiyo katika picha ya eksirei hujua mara moja kwamba mguu ulinyongwa, haukugongwa.

Nami niliwahi kuiona picha ya namna hiyo. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika Ulaya ya kaskazini, mwenzangu mmoja kutoka Afrika Mashariki alikodi skii nami, siku yetu ya tatu kilimani. Duka halikumwuliza uzito wake wala urefu wake. Lilimpa buti zilizomtosha na skii zilizokuwa karibu. Kila baada ya hatua chache skii yake moja ilichomoka. Watu walicheka, naye akaona haya. Akaniambia, "Wewe si mwanafizikia? Kaza hiki kitu." Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Nikaizungusha skrubu ya springi hata kialama kikafika karibu na mwisho wa kipimo. Skii haikuchomoka tena. Saa moja baadaye alianguka akiwa karibu amesimama, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mkia wa skii ukakwama, mwili wake ukaendelea kugeuka taratibu, nasi tuliokuwa karibu tukasikia mlio kama wa kuni kavu. Alitembea na magongo hadi miti ilipoanza kuchipua.

Baadaye, nilipokichunguza kifungio kile kwa utulivu, nikakuta kwamba springi haikuwa na kosa lolote. Chini ya soli ya buti yake kulikuwa na theluji iliyoshindiliwa ikawa kama jiwe, na kwa sababu hiyo buti halikukaa mahali pake. Lililotakiwa lilikuwa kukwangua soli. Nilikuwa na shahada mbili za fizikia siku ile.

Chombo chenyewe

Kifungio cha skii za miteremkoni kina sehemu mbili. Ya mbele huishika ncha ya buti, nayo huachia upande, kulia au kushoto, mguu unaponyongwa. Ya nyuma hukishika kisigino, nayo huachia kuelekea juu, mtu anapoanguka kifudifudi. Ndani ya kila sehemu mna springi iliyobanwa, na skrubu ya kuibana zaidi au kuilegeza. Mahali pa kuachia hapatokani na mwendo wa mtu wala ukali wa anguko. Hutokana na momenti peke yake. Momenti ikipita kiwango kilichowekwa, kifungio hufunguka. Isipokifikia, hakifunguki, hata kama mguu umenyongwa polepole sana. Ndiyo maana anguko la polepole lisidharauliwe.

Wasomaji wanaojua fyuzi ya umeme watakuwa wameshatambua jambo. Fyuzi ni waya uliokusudiwa kushindwa kabla ya nyaya za nyumba kushindwa. Fundi mpumbavu ambaye fyuzi yake hukatika mara kwa mara huweka waya mnene mahali pake, na taa huwaka vizuri sana mpaka usiku ule nyumba inapoungua. Mimi kwa bisibisi yangu nilikuwa fundi huyo.

Wazo la kifungio kinachoachia ni la karibuni kuliko watu wanavyodhani. Katika miaka ya 1860 Mnorwei Sondre Norheim wa Telemark alisokota vitawi laini vikakizunguka kisigino, ili aweze kugeuka na kuruka bila skii kumpotea. Mwaka 1894 mwenzake Fritz Huitfeldt alileta vyuma vya kuishika ncha ya buti pembeni pamoja na kanda za ngozi, na vifungio vya jamii hiyo ndivyo vilivyokuwa vya kawaida Ulaya zama za Furtwängler na König. Mwaka 1929 ukaja waya wenye springi uliozunguka kisigino, ulioitwa Kandahar, kazi ya Mswisi Guido Reuge. Kila hatua ilizidisha kushika. Hakuna aliyefikiria kuachia, mpaka walipoanza kufikiri wale waliovunjika.

Hjalmar Hvam, Mnorwei aliyehamia Marekani, alivunjika mguu mwaka 1937 katika mlima Hood, jimbo la Oregon. Alikuwa bingwa, si mwanafunzi. Kutokana na mkasa huo akabuni kifungio cha mbele kinachozunguka na kuliachia buti, akapata hataza yake mwaka 1939. Baada ya vita wakafuata Jean Beyl wa Ufaransa na Hannes Marker wa Ujerumani, ambao kazi zao za miaka ya 1950 ndizo mababu wa vifungio vinavyouzwa leo. Napenda mwalimu awasimulie wanafunzi habari ya Hvam, kwa kuwa inaonyesha jinsi swali la kisayansi lilivyoweza kuzaliwa kitandani kwa mtu aliyefungwa plasta.

Nambari iliyoandikwa juu ya springi

Juu ya kila sehemu ya kifungio pana dirisha dogo lenye kipimo cha nambari. Wengi huiita nambari ya DIN, kwa jina la taasisi ya Wajerumani ya viwango. Leo huongozwa na kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 11088. Vijana huilinganisha nambari hii kama walinganishavyo uzito wa kunyanyua, mwenye kubwa akijiona shujaa. Huo ni upuuzi. Nambari hiyo ni jibu la hesabu, na hesabu ina mambo matano ndani yake: uzito wa mtu, urefu wake, umri wake, namna yake ya kuteleza, na urefu wa soli ya buti lake.

Tufanye mfano mmoja kwa ukamilifu. Kijana ana kilo 70 na urefu wa sentimita 165, na soli ya buti lake ina milimita 300. Ni mwanafunzi mwangalifu, asiyependa kasi. Katika jedwali la kanuni, uzito wa kilo 67 hadi 78 umo katika mstari mmoja, na urefu wa sentimita 158 hadi 166 umo katika mstari ulio juu yake, ulio mwepesi zaidi. Mistari miwili ikipingana, huchaguliwa ule mwepesi. Sababu yake ni ya busara: uzito unaweza kuongezwa na chakula, lakini chakula hakinenepeshi muundi. Mstari uliochaguliwa hudai sehemu ya mbele iachie momenti ya kunyonga ikifikia nyutoni-mita 37, na ya nyuma iachie kwa nyutoni-mita 141.

Kama kijana huyo ni mtelezaji wa wastani, hushuka mstari mmoja, na momenti ya kunyonga huwa 43. Kama ni hodari apendaye kasi na miteremko mikali, hushuka miwili, nayo huwa 50, kwa kuwa mwendo mkali huleta mitikisiko mikubwa isiyo ya hatari, na skii ikichomoka katikati ya kasi, hiyo nayo ni ajali. Lakini akiwa na umri wa miaka 50 au zaidi, hupanda mstari mmoja, na aliyekuwa na 37 huwa na 31. Mifupa huzeeka. Mimi sijafika huko bado, ila nimeanza kuutazama mstari huo kwa heshima.

Angalia sasa jinsi urefu wa soli unavyoingia. Springi haijui momenti. Inajua kani tu. Tukichukulia, kwa kurahisisha, kwamba buti huzunguka kwenye kisigino, kani inayotakiwa mbele ili kupata nyutoni-mita 37 kwa soli ya mita 0.30 ni 37 kugawanya kwa 0.30, yaani nyutoni 123. Kwa mtu mwenye mwili uleule lakini soli ya mita 0.26, ni nyutoni 142. Mwenye mguu mfupi anahitaji springi iliyokazwa zaidi ili kupata ulinzi uleule! Katika jedwali, wa kwanza hupewa nambari ya 4.5 hivi, na wa pili hupewa 5 au zaidi. Hapa ndipo wanafunzi hushangaa, na mshangao huo ndio wakati mzuri wa kurudi ubaoni. Hapo pia huonekana kosa la kuazima skii za rafiki. Hata kama mnalingana uzito kwa gramu, buti zenu zikitofautiana urefu, nambari ya rafiki si yako.

Kwa upande wa nyuma, nyutoni-mita 141 kwa mkono uleule wa mita 0.30 ni kani ya nyutoni 470, karibu sawa na uzito wa kilo 48. Tofauti kati ya mbele na nyuma ni kubwa, na ina haki yake: mfupa hustahimili kupindwa kuliko kunyongwa. Mwenye shaka arudie chaki.

Kuchagua na kufunga

Mnunuzi achague kwanza jamii ya kifungio, kisha upana wa kipimo chake. Kijana wetu mwenye 4.5 apate kifungio cha kipimo cha 3 hadi 10, wala si cha 6 hadi 14, hata kikiwa na rangi nzuri na bei ya punguzo, kwa sababu hicho cha pili hakiwezi kulegezwa kufika anapotakiwa. Si vyema pia kukitumia kifungio kwenye mwisho kabisa wa kipimo chake, juu au chini. Kisha aangalie kama kifungio na buti vinapatana. Soli za buti za miteremkoni, za kupandia milima na zile zilizofanywa zifae kutembelea hazina umbo moja, na kifungio kisichoruhusu umbo fulani kitaishika soli hiyo bila kuiachia ipasavyo. Mwisho, breki. Hivi ni vijiti viwili vinavyoshuka pindi buti linapochomoka, vikaizuia skii isikimbie na kuwaumiza walio chini. Upana wake uwe mkubwa kidogo kuliko kiuno cha skii.

Kufunga kifungio juu ya skii ni kazi ya keekee na gundi, na fundi seremala yeyote wa Moshi angeielewa baada ya kuonyeshwa mara moja. Katikati ya buti pana alama, na juu ya skii pana alama, hukutanishwa. Matundu hutobolewa kwa kiolezo cha chuma. Kwa ubao wa kawaida hutumika ncha ya keekee ya milimita 3.6, na kwa skii yenye bamba la madini ndani yake milimita 4.1, kina kikiwa milimita 9. Ncha hiyo ina ukingo unaoizuia isizame zaidi, kwani ikizama itatokea upande wa pili na skii imeharibika. Hutiwa gundi, skrubu hukazwa, na kazi huachwa ikauke.

Baada ya hapo huja marekebisho ambayo watu wengi hawayajui. Sehemu ya nyuma hukaa juu ya reli, nayo husogezwa mpaka ilibane buti kuelekea mbele kwa kiasi kilichoonyeshwa na alama. Mbano huu ukiwa mdogo, buti litachomoka ovyo. Na mtu asiyejua ataikaza springi, kama nilivyofanya mimi. Ukiwa mkubwa, msuguano utazuia kuachia. Kadhalika chini ya ncha ya buti pana kibamba laini, wakati mwingine chenye kusogea, ambacho kazi yake ni kupunguza msuguano mwili unapoegemea mbele. Tope, chumvi au barafu juu ya kibamba hiki hubadili hesabu yote tuliyoifanya. Kwa hiyo fundi mwangalifu haiamini nambari ya dirishani. Hulivalisha skii buti na kulizungusha kwa mashine yenye kipimo, asome ni nyutoni-mita ngapi zilizofungua. Mteja anayo haki ya kumwuliza fundi kama amepima.

Kifungio hakikulinda kila kitu, na ni vizuri wanafunzi wajue mpaka wa ushindi huu. Madaktari na wahandisi waliochunguza majeraha katika mlima mmoja wa jimbo la Vermont, Marekani, kuanzia mwaka 1972, waliona mivunjiko ya muundi ikipungua sana kadiri vifungio vilivyoboreshwa. Lakini kuchanika kwa kano ya ndani ya goti kuliongezeka. Kifungio cha kawaida hupima momenti ya kunyonga kwenye ncha na ya kupinda kwenye kisigino. Goti lina njia nyingine za kuumia, hasa mtu anapoanguka kinyumenyume huku mkia wa skii ukimpinda, na njia hizo hazigusi springi ipasavyo.

Visigino vilivyo huru, na ubao mmoja

Si kila skii hufunga kisigino. Mwaka 1998 huko Nagano, Japani, Mkenya Philip Boit alishindana katika mbio za kilometa 10 za skii za nyikani. Alimaliza wa mwisho, wa 92, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, ambaye alimngoja mstarini ili amkumbatie. Skii alizovaa Boit zilifungwa kwenye ncha ya buti tu. Kisigino huinuka kwa kila hatua, kama cha mtu akimbiaye, na mguu ukigeuka buti hugeuka nao. Tangu mwaka 1927, Bror With alipobuni kifungio chenye pini tatu na kibano kilichoitwa mtego wa panya kwa Kinorwei, jamii hii imekuwa nyepesi na ya bei nafuu. Kwa mwanafunzi mgeni anayetaka kujaribu theluji kwa mara ya kwanza katika nchi tambarare, ndiyo ninayomshauri. Mkenya mwingine, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, alishindana Pyeongchang mwaka 2018 katika miteremko, na vifungio vya namna yake ndivyo tulivyokuwa tukivieleza.

Ubao mmoja wa theluji, unaosimamiwa kwa miguu yote miwili kwa ubavu, una vifungio visivyoachia kabisa. Hili laonekana kinyume cha yote niliyosema, lakini sivyo. Miguu yote miwili imefungwa juu ya ubao huohuo, kwa hiyo ubao ukizunguka mwili mzima huzunguka nao. Mguu mmoja haunyongwi peke yake. Hatari huja pale mguu mmoja umefunguliwa na mwingine umefungwa, kama wakati wa kupandishwa kilimani kwa kiti cha waya, na hapo mtu aende polepole. Majeraha ya ubao huu huwa zaidi katika viganja na vifundo vya mikono, kwa kuwa aangukaye hujikinga kwa mikono. Kufunga kwake ni rahisi: kila kifungio kina kisahani cha duara chenye skrubu nne, ambazo katika mbao nyingi huingia katika matundu yaliyopangwa kwa sentimita nne nne. Miguu itanuliwe kwa upana wa mabega, wa mbele ugeuzwe nyuzi 15 hivi, wa nyuma uwe karibu na sifuri, na buti litokeze kwa kiasi kilekile upande wa vidole na upande wa kisigino. Asiyejua ni mguu gani uwe mbele asimame wima, rafiki amsukume kidogo mgongoni bila kumwonya. Mguu utakaotangulia kujikinga ndio wa mbele.

Jaribio la darasani na maswali

Pigilia msumari katika ubao, na juu yake tia kipande cha mti chenye urefu wa sentimita 30 kiweze kuzunguka kwenye ncha yake moja. Hiyo ndiyo soli, na msumari ni kisigino. Karibu na ncha ya pili funga ukanda wa mpira wa ndani ya gurudumu la baiskeli, uivute ncha hiyo dhidi ya kizuizi kidogo. Vuta kipande kwa kipimio cha springi, kwanza kwenye sentimita 30, kisha 25, 20 na 15 kutoka msumarini, ukisoma kila mara kani inayotosha kukibandua kipande kutoka kwenye kizuizi. Zidisha kila kani kwa umbali wake.

1. Je, majibu ya kuzidisha yanakaribiana? Kama hayakaribiani, msuguano umeingia wapi?

2. Pakaza tope chini ya kipande, rudia jaribio, kisha eleza kwa nini fundi hasadiki nambari ya dirishani.

3. Mwanamke mwenye kilo 60 na mwenziwe mwenye kilo 60 wamepewa skii zenye nambari moja. Ni maswali gani manne ungewauliza kabla ya kuwaruhusu wapande kilimani?

4. Skii ya mwanafunzi huchomoka kila baada ya hatua chache. Taja mambo matatu ya kuchunguza kabla ya kugusa skrubu ya springi.